Mtu wa Kuondoka

Wallagrass, Maine
Jumapili, mwishoni mwa Septemba

Kaka yangu Léandre,

Nakuandikia nikiwa jikoni, kwenye kiti chako cha karibu na dirisha, nikitumaini kwamba wewe, Coralie na watoto mko salama huko Bristol, na kwamba mgongo wako umekuacha upumue. Sisi huku tunaendelea vizuri. Mama anakohoa kidogo asubuhi, kama ilivyo kila mwaka vumbi la viazi linapoanza kuruka, lakini anakula na kulala, na jana alimfukuza mbwa wa jirani kwa ufagio mpaka barabarani, kwa hiyo sioni la kukutia wasiwasi. Shule zimefungwa kwa mavuno. Ukifungua dirisha unasikia mashine shambani kutwa nzima. Mama anauliza kama sweta ya mtoto ilimtosha, na anasema msimfue kwa maji ya moto. Sweta, si mtoto.

Utashangaa kwa nini naandika wakati simu ipo. Kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi, Léandre, na hili ninalotaka kukueleza lina mwanzo mrefu. Ipo sababu nyingine, lakini hiyo si yangu, nami nitaifikia baadaye.

Unakumbuka tulivyoachana mwezi wa Julai. Baba alipofariki, kibali cha kuweka chambo cha dubu pale kwenye mierezi kiliandikwa jina lako kwa kuwa wewe ndiye mkubwa, na ulikuja ukiwa umekwisha kuamua kumwachia binamu yetu Réal. Nilipopinga ulicheka, si kwa ubaya, ukasema kwamba huenda nikamwua dubu kwa chaki yangu ya darasani. Réal akadakia kuwa dubu wa huku hawakusoma, hivyo digrii zangu zingewapita kichwani. Mama aliendelea kumenya viazi. Ndipo tukapatana mbele ya wote mezani: nikipata dubu mahali pale kabla msimu wa chambo haujafungwa, mahali panabaki nyumbani kwetu, nikishindwa, unampa Réal kibali, nami sitatia neno. Tulipeana mkono. Nakukumbusha kwa sababu barua hii yote imesimama juu ya mkono ule.

Siku ile uliniuliza pale pana nini, nami sikukujibu. Haikuwa siri, sikuwa na jibu. Baada ya maziko nilikwenda kule nikiwa nimevaa viatu vya theluji vya Baba, nikasimama chini ya dungu lake. Theluji ilikuwa imejaa juu ya ubao wa kukalia kana kwamba ameiwekea nafasi. Nilihisi kwamba hapo ndipo mahali pekee ambapo sijapata kumwona akiwa mgonjwa. Najua hiyo ni hisia tu, na mimi ndiye ninayewaonya wanafunzi wangu wasijenge hoja juu ya hisia. Hata hivyo niliona kwamba mahali pale pakitutoka, hatutakuwa na sababu ya kupita njia ile tena, na hilo sikulitaka. Basi nikaamua kujifunza.

Nilianza kwa aibu, nami sikuona njia nyingine ya kuanza. Mafunzo ya usalama wa bunduki yalifanyika kwenye ukumbi wa wazima moto, na wenzangu darasani walikuwa watoto wa miaka kumi na miwili, baadhi yao wakiwa wadogo wa wanafunzi wangu. Binti mmoja alinionea huruma akanisukumia penseli yake, akanong'ona kwamba swali la uzio hutokea kila mwaka: unapovuka uzio unatoa risasi kwanza. Nilifaulu. Naye alifaulu, kwa alama za juu kuliko zangu. Kisha nikaenda kwenye shimo la kokoto na bunduki ya Baba, jioni baada ya jioni, nikipiga sahani za karatasi hadi bega langu likawa na rangi ya biringanya. Sikuondoka shimoni mpaka nilipoweza kuweka risasi zangu zote ndani ya sahani ya chai, nikiwa nimekaa, nikiwa nimechoka, na nikiwa na usubi masikioni.

Chambo nacho kina elimu yake. Mwoka mikate wa Fort Kent alikubali kuniwekea donati zilizolala, kwenye magunia, na akaniuliza kwa upole kama nina wageni wengi. Sinema ilinipa bisi zilizobaki. Mafuta yaliyokwisha kukaangia viazi niliyapata kwenye mkahawa wa barabarani, na gari langu hadi leo linanuka kama siku ya sikukuu. Pipa la Baba nililifunga upya kwa mnyororo kwenye shina lile lile, tundu likielekea dungu, na juu yake nikapanga magogo ili kunguru na rakuni wasimalize karamu kabla ya mwenyewe kufika. Molasi nilizimwaga kwenye kisiki kilichooza, kwa kuwa Réal aliniambia dubu atakitafuna kisiki chote mpaka mizizi na bado atarudi kukilamba. Katika hilo alisema kweli. Nitakuwa mwadilifu kwa Réal: alinijibu kila nilipomuuliza, ila alijibu kama mtu anayemfundisha mpangaji kutunza nyumba itakayokuwa yake.

Wiki ya kwanza walikuja kindi. Kisha asubuhi moja nikakuta magogo yametupwa kando kama njiti, na kwenye tope alama ya mguu wa nyuma iliyofanana sana na ya mtu mnene asiye na viatu, kiasi kwamba niligeuka kutazama nyuma yangu. Tangu siku ile alikuja kila siku, na siku mojamoja nilifikiri walikuwa wawili. Nami nilianza kuwaza mambo ambayo Réal hayawazi, au hayasemi. Nilikuwa nampelekea mnyama chakula, nikijua wakati wake wa kula na anachokibakisha (hapendi donati za limau), ili siku moja nimuue mezani. Nimelipima jambo hili kwa upande huu na upande ule. Anayekaa juu ya pipa ana muda wa kutazama, wa kutambua jike mwenye watoto na kumwachia, wa kupiga mara moja na vizuri. Anayekutana na dubu ghafla porini hana muda huo. Hoja hiyo naiona ina nguvu. Lakini naiona pia inanifaa mno, na hoja inayonifaa mno huwa naishuku. Sikulimaliza swali. Niliendelea kubeba magunia nikiwa nalo, na kama unaniuliza, bado ninalo.

Sasa sikiliza jambo hili, maana ndilo lililogeuza kila kitu. Nilifuata desturi ya Baba kama tulivyoijua kutoka mbali. Nilifika saa ile ile ya alasiri, nikajaza pipa, nikaligonga kwa jiwe ili anayesikia ajue mezani pameandaliwa, nikarudi barabarani na kuwasha gari. Alasiri moja nilisahau glavu juu ya gogo. Nilikuwa nimeshafika kwenye gari na kuwasha injini. Niliizima, nikarudi kwa miguu bila kufikiri. Dubu alikuwa tayari kwenye pipa. Alikuwa ameingiza mkono mpaka begani kama mtu anayetafuta sabuni chini ya beseni. Alinitazama, akatoa mkono, akaondoka bila haraka, akaingia kwenye misonobari kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko likiwaka. Nilikimbilia garini nikaendesha kwa kasi hadi nyumbani, na kwa haraka hiyo sikufikiri vizuri juu ya nilichokiona.

Msimu ulipofunguliwa nilipanda dunguni kila alasiri baada ya vipindi. Nilifua nguo kwa sabuni isiyo na harufu, nikazianika kwenye mierezi, nikaacha kahawa. Nilikaa hadi mwanga wa kupigia ulipokwisha. Hakuja. Asubuhi nikienda nakuta pipa tupu. Nilikisia ni upepo, nikahamisha dungu upande wa pili wa kijito. Réal aliponisaidia kulifunga alisema Baba angecheka kaburini, na mimi nikamjibu acheke tu. Hakuja. Nikakisia kwamba amehamia kwenye karanga za miti, kama itokeavyo miaka ya karanga nyingi, lakini basi ni nani aliyekuwa anamaliza donati zangu? Réal alikuwa ameshapata wake siku ya kwanza. Alipita nyumbani kuonyesha picha, akala chapati zetu nne za ploye, akasema, "Profesa, huyo wako anakula kwako anakwenda kulala kwa wengine. Mpe talaka." Mama alimwambia ale asiongee. Alipokuwa akitoka alisema kwa upole, na upole wake uliniumiza kuliko mzaha, kwamba si vibaya kushindwa, kuna watu wazima wa kiume wanaokaa misimu mitatu bila kuona hata mkia, na kwamba atapatunza pale.

Zilibaki siku chache msimu ufungwe. Jioni hiyo ndipo glavu zilinirudia akilini. Nilimweleza Mama, yeye akiwa kwenye jiko na mimi nikiwa na madaftari ya wanafunzi ambayo sikuwa nikiyasoma. Nilimwambia kwamba nadhani dubu hangojei harufu wala giza. Kwa muda wote ule nilimfundisha jambo moja bila kujua: chakula huja, pipa hugongwa, mtu huondoka, gari huunguruma na kupotea, ndipo kula. Alikuwa amelala karibu tu, kwenye misonobari, akisikiliza kuondoka kwangu. Na mimi siku za kuwinda siondoki. Nikikaa juu ya mti kimya kama jiwe, kimya changu ndicho kinachomwambia kwamba nipo. Nilisema kwamba labda nimekosea tena, maana nilishakosea mara kadhaa kwa uhakika ule ule, lakini kama nimepata, basi kazi hii haifanywi na mtu mmoja. Anahitajika wa kukaa na anahitajika wa kuondoka kwa kelele. Nikasema kwa uchungu kwamba dubu hana habari ni wangapi wamekuja, anachojua ni kwamba kuna aliyeondoka, na kwamba itanibidi nimwombe Réal, jambo ambalo afadhali nimeze chaki.

 Mama aligeuza ploye, ambayo wewe na mimi tunajua haigeuzwi, inapikwa upande mmoja tu, na alipoona alichofanya aliitupia ndege. Kisha akasema, akinipa mgongo, kwamba kesho atanisindikiza. Nilimwambia njia ni mbaya, goti lake, matope. Akasema, "Goti ni langu. Wewe shughulika na bunduki."

Nilidhani nitamwongoza. Léandre, alinitangulia. Lile gogo lililozama kwenye matope, ambalo mimi hujikwaa nalo kila siku, alilivuka huku akizungumza juu ya bei ya mayai, bila kutazama chini. Tulipofika alilitazama dungu nililolihamisha, akatikisa kichwa, akasema nilirudishe lilipokuwa. Tukalirudisha, yeye akishika ngazi. Alijaza pipa mwenyewe. Akachukua jiwe na kuligonga, si kama mimi nilivyoligonga, bali taratibu mara mbili na haraka mara moja, akalirudisha jiwe kwenye uma wa mti ambako sikujua kwamba jiwe hukaa. Alinitazama juu, akaweka kidole mdomoni, akageuka, akaanza kuondoka.

Nilitegemea labda atapiga mluzi. Alianza kumgombeza Baba. Kwa sauti ya kutosha kusikika ng'ambo ya mto alimwuliza Onésime ni mara ngapi amemwambia asiache buti penye mlango; kama anadhani yeye ni tingatinga; ni mwanamume gani anayechonga ndoano za samaki kwenye meza ya kulia chakula; na kwamba mama yake, Mungu amrehemu, alimlea kama bata. Aliyasema yote kwa kituo, akiacha nafasi za majibu, na sauti ikazidi kufifia kwenye kijia mpaka nikasikia mlango wa gari, injini, na ukimya. Nilikuwa nimeuma kola ya koti nisicheke. Kisha kicheko kikaniishia, kwa kuwa nilitambua kwamba maneno yale hakuwa anayatunga. Yalikuwa yamelainika kama ngazi iliyokanyagwa miaka mingi.

Dubu alikuja kabla hata kindi hawajatulia. Hakutoka porini, alikuwepo tu, mweusi mahali ambapo kitambo kidogo palikuwa na kivuli. Nilisubiri kwanza kama walivyotufundisha, nione kama kuna watoto wanaomfuata nyuma, maana huchelewa. Hapakuwa na mtoto nyuma yake. Shingo ilikuwa nene, masikio yalionekana madogo pembeni mwa kichwa kipana, na aliposimama kando ya pipa mgongo wake ulivuka mkanda wa katikati wa pipa. Alikuwa dume, mtu mzima. Alinipa kifua, nikangoja. Akanipa nyuma, nikangoja. Moyo ulinipiga hadi niliogopa anausikia. Niliwaza kwamba naweza kushuka, nikasema sikumwona, na hakuna ambaye angejua. Na niliwaza pia kwamba kama nitamwachia, nimwachie kwa sababu, si kwa kuchoka kuogopa. Sikuiona sababu hiyo, labda kwa kuwa nilikuwa nimekwishaamua tangu kwenye theluji. Alipogeuka ubavu na kusogeza mkono wa mbele kufikia tundu, nyama ya nyuma ya bega ikawa wazi, pana kama sahani ya chai. Nikapiga hapo.

Alikimbia hatua chache kuelekea kijito, akaanguka kabla ya kukifikia. Kisha akatoa ile sauti ya mwisho ambayo wawindaji huizungumzia kwa kuinamisha macho. Ni ndefu, na inafanana na mtu. Sitakudanganya kwamba nilifurahi kuisikia. Nilikaa juu nikiwa nimeshika ubao kwa mikono miwili mpaka ilipokwisha na muda mwingine baada ya hapo.

Mama alirudi akiwa amesikia mlio. Hakuniuliza kama nimepata. Aliuliza kama nimemsikia akiaga. Nilipoitikia kwa kichwa, akasema basi nishuke polepole. Aliweka mkono kwenye manyoya yale yaliyokuwa bado ya moto, akasema, "Pole, mzee. Ulikula vizuri," akakunja mikono ya sweta na kunionyesha pa kuanzia kisu, kwa kuwa kulikuwa na joto na nyama haingojei mtu amalize kuwaza. Mikono yangu ilikuwa ikikisia. Yake ilijua kazi. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa, lakini sikutaka kuuliza nikiwa na damu hadi kwenye viwiko.

Réal alikuja na gari lake kutusaidia kumvuta. Alimzunguka dubu mara mbili, akamwinua mguu, akauachia. Kisha akasema, "Chaki ya namna gani hiyo, Profesa?" akanipa mkono, na nakuomba umpigie simu, maana alinipa mkono kwa moyo wote. Aliuliza nani alikuwa nami. Mama akasema yeye alikuja kuniletea glavu. Dukani tulipomsajili dubu, kama sheria inavyotaka, wanaume waliokuwa kwenye benchi walisema damu ya Onésime imeonekana, na kwamba yeye naye alikuwa mtu wa kukaa peke yake. Mama alikuwa akichagua vitunguu. Nilimwona akitabasamu kwenye vitunguu.

Hili linalofuata alinieleza kesho yake, tukiwa tunayeyusha mafuta kwenye sufuria kubwa, na ndilo hasa nililoketi kukuandikia.

Unaikumbuka Alhamisi ya mazoezi ya kwaya. Sote wawili tulikuwa tunapelekwa kwa Shangazi Philomène, kula ile supu yake ya kabichi, na Mama alikuwa akirudi sauti imemkauka. Hapakuwa na kwaya mwisho wa Agosti, Léandre. Watu wote walikuwa wakijiandaa na viazi. Mama alikuwa msituni akiondoka. Tangu mimi niko kwenye nepi, kila msimu, Baba alikaa na Mama akaondoka. Mwanzoni aliimba nyimbo za kanisa. Baadaye akasema dubu wanapenda zaidi ugomvi, na Baba naye juu ya mti alikuwa akizipata habari zake zote za mwaka bila kuweza kujibu. Walificha kwa kuwa vijana wangemcheka Baba. Kisha wakaendelea kuficha kwa kuwa walipenda. Mama alisema nyumba ilikuwa na watoto, bibi, wageni wa mavuno, na hapakuwa na saa moja ambayo mtu hakumwuliza soksi ziko wapi. Kule alikuwa na mumewe, halafu alikuwa na gari tupu na ukimya, akisubiri mlio. Aliniambia ilikuwa saa yake.

Nawe ulikuwa na miaka kumi na minne ulipojificha nyuma ya pikapu chini ya turubai, Baba akakushusha penye daraja. Nimesikia kisa hicho kwako mara nyingi, na maneno yake: kwamba msituni mtu mmoja ni kelele ya kutosha, wawili ni harusi. Mwaka ule ulipoondoka nyumbani uliniambia kwamba baba asiyeweza kumwamini mwanawe kukaa kimya hana haja ya mwana. Nilikubaliana nawe. Nimekubaliana nawe kwa miaka yote hii.

Mama aliacha kukoroga, akasema kwamba Baba alitaka kukuchukua. Alikuwa ameshakutengenezea ubao wa pili kwenye dungu. Upo bado, nimeuona, nilidhani ni wa kuwekea chakula. Aliyekataa ni Mama. Alimwambia ukianza kwenda wewe, yeye hatakuwa na pa kwenda, na akamwomba mwaka mmoja zaidi. Kisha akaomba mwingine. Baba alikubali, akakutolea ule mzaha wa harusi, akaibeba lawama yako bila kumtaja. Mama alidhani angekueleza ukirudi, na wewe ulikuwa unarudi Krismasi, nyumba imejaa, na baadaye Baba akaanza kuumwa. Nilimwuliza kwa nini asikuambie mwenyewe kwa simu. Alisema angekusikia ukinyamaza, na hilo asingeliweza. Nilimwambia basi aandike. Akasema mkono wake utaandika nisamehe, halafu barua itakuwa imekwisha. Kwa hiyo naandika mimi, kwa ruhusa yake, naye amekaa hapa mbele yangu anajifanya kuchagua maharage.

Sijui jambo hili litakupunguzia au litakuongezea. Nimejaribu kulifikia hitimisho kwa niaba yako na nimeona kwamba si haki yangu. Mimi mwenyewe nilikuwa nikidhani napigania mahali pa Baba, na sasa sina hakika kama pamewahi kuwa pa Baba. Sheria inataka kibao penye chambo chenye jina la mwenye chambo. Kile cha Baba kilikuwa cha bati. Mwaka huu niliweka changu. Leo asubuhi nimekata kingine, nikakigonga herufi za jina la Mama kwa msumari: Exilda Saucier. Kinaning'inia jikoni kikingoja Agosti. Mama amekitazama, akasema R ya mwisho imepinda, na hajakiondoa.

Kwa hiyo nadai mkono wako wa Julai: mahali panabaki nyumbani. Nakuomba na jambo moja ambalo hatukupatana. Goti la Mama halitaweza msimu mwingine wa kwenda na kurudi kila siku. Alirudi siku ile akichechemea, akakataa kusema. Anataka apande dunguni mara moja kabla hajazeeka kabisa, aone kile alichokuwa akikiondokea miaka yote, nami nitakaa naye kwenye ule ubao wako. Tunahitaji mtu wa kuondoka. Sisemi kwa kukuchoma, Léandre, lakini katika ukoo wetu hakuna mwenye uzoefu kukuzidi. Njoo Agosti. Gonga pipa mara mbili taratibu na mara moja haraka, kisha uondoke ukisema lolote ulilonalo juu ya Baba, kwa sauti, bila kupunguza. Ila safari hii utaishia penye gari, na utatusubiri hapo.

Mafuta ya dubu yamo kwenye chupa iliyofungwa ndani ya gazeti, pamoja na barua hii. Mwambie Coralie ayatumie kwenye unga wa pai ya tufaha, ataacha siagi. Wabusu watoto. Réal anakusalimu, na mwoka mikate wa Fort Kent anauliza kama wageni wangu wameondoka. Mama anasema nikuandikie kwamba maharage ni mazuri mwaka huu, na kwamba anangoja.

Mdogo wako akupendaye,
Jacinthe